Kamba Nane za Pazia

Jumatatu, 4 Julai 1955
Nimesuka kamba mbili. Zimebaki sita. Madirisha manne, kila dirisha mapazia mawili, kila pazia kamba yake ya kulibana pembeni mwanga uingie. Rebeka, mke wa mwanangu Magesa, anataka zile za dukani zenye vishada. Eti Jumamosi wazee wa Mugeta wanakuja kumposa mjukuu wangu Nyangeta, wasituone washamba. Wao wenyewe wanalala na ndama! Nimekataa. Fundi cherehani hapa Nyasho amenipa vipande vya kaniki na marekani bure. Katani ninayo. Duka la nini?

Jumatano, 6 Julai
Tano sasa. Nachana kitambaa upana wa vidole viwili. Nakifunga kwenye kidole gumba cha mguu, nasuka njia tatu, katani katikati. Kitanzi huku, fundo kule. Fundo likipita kwenye kitanzi halitoki. Baba alinifundishaga, hakuwa na mtoto wa kiume.
Rebeka amepita, amecheka. "Mama, hizo si za kufungia mbuzi?"
Mbuzi mama yake. Sikumwambia. Naandika hapa.

Ijumaa, 8 Julai
Nane zimekwisha. Nimezifunga mwenyewe. Nyumba imekaa vizuri. Nyangeta amenikumbatia. Anampenda huyo kijana wa Mugeta, mjinga huyu, akisikia jina lake anamwaga maji. Rebeka amenuna. Anune.

Jumamosi, 9 Julai
Aibu.
Wazee watatu walikuja. Chai hawakunywa, wanatazama madirisha tu. Mimi mpumbavu nikadhani wanasifu kazi. Baba mkubwa wa kijana akainuka, akashika kamba, akapitisha fundo kwenye kitanzi. Akasema, "Magesa, kumbe kamba za ng'ombe mmeshatusukia. Nane. Sisi tulidhani tumekuja kuongea."
Kwetu ng'ombe wa mahari huja na kamba shingoni, kutoka kwao. Mwenye binti hasuki. Akisuka na kuzitundika, amewaambia: leteni ng'ombe wa kamba hizi, sitaki maneno. Nilijua hilo kabla sijaota meno. Mikono ikasuka bila kuniuliza!
Wameondoka. Kuku wawili nimechinja, hawakugusa hata paja. Rebeka anasema alisema. Ni kweli alisema, ndiyo maana simtaki machoni. Nyangeta amejifungia chumbani. Hajala.

Jumapili, 10 Julai
Sikwenda kanisani. Magesa anasema ataandika barua. Barua! Mtu umemtukana sebuleni kwako, unamtumia karatasi?
Rebeka kaja na mkasi azikate kamba. Nimempokonya. Kazi yangu naifungua mwenyewe. Nimezifungua zote. Kesho naenda Mugeta. Magesa amekataa. Nani amemuuliza?

Jumanne, 12 Julai
Lori mpaka Bunda, halafu miguu. Mgongo umekufa.
Sikwenda kwa wale wazee. Nilikwenda jikoni kwa bibi wa kijana, mzee mwenzangu. Nikamwaga kamba miguuni pake. Nikasema nilisuka za pazia, mikono imekosea. Zichomeni mkitaka. Maneno ya mahari muanze nyinyi. Mtoto hajala siku tatu kwa ajili yangu. Nilichukia kuomba.
Alizishika moja moja. Akacheka mpaka akakohoa. "Mama Magesa, pazia lingekimbilia wapi hata ulifunge hivi?"
Nilikasirika. Halafu nikacheka, shauri yake.
Akawaita wale wazee, akawasema mbele yangu kama watoto waliomwaga maziwa. Kamba akabaki nazo. Sikumzuia.

Alhamisi, 4 Agosti
Ng'ombe wamefika asubuhi. Sita. Wazee walikuja wiki mbili nyuma, waliongea, walikula. Kila ng'ombe ana kamba yangu shingoni, kaniki na marekani. Hakuna iliyofumuka njiani.
Mbili yule bibi amebaki nazo. Ametuma neno kwamba ni za pazia lake. Nyumba yake haina hata dirisha.
Nyangeta anaimba jikoni. Rebeka amekuja na katani, amekaa karibu yangu, amefunga kwenye kidole gumba chake. Anasuka vibaya, amelegeza. Nimemwachia.
Mapazia hayajafungwa bado. Upepo wa ziwa unayaingiza ndani, unayatoa.