Ugomvi wa Kuigiza

Shoga, acha chochote unachofanya. Dada yuko sebuleni kwangu na sanduku lake.

Si unaijua ile chaneli yake na shemeji, ya kufundisha watu amani ya ndoa? Wafuasi walikuwa wanajitoa kila siku. Shemeji akasema amani haina watazamaji, kwa hiyo leo wagombane kidogo hewani. Ugomvi wa kuigiza tu.

Wa kuigiza, unanisikia?

Walianza vizuri. Dada akajifanya kakasirika eti mumewe haoshi vyombo, naye akajifanya kuomba radhi. Mara dada akasema, "Na siku ile nimelazwa hospitali, ulikuja kuniona mimi au ulifuata funguo za gari?"

Hilo hawakulipanga. Sauti ikamkatika, machozi yakamtoka, ya kweli kabisa.

Unajua shemeji alifanya nini? Alichungulia simu, akamnong'oneza, "Endelea hapo hapo, wanaongezeka!"

Wanaongezeka! Mke analia, yeye anasoma namba! Na watazamaji wote wamemsikia.

Dada kazima kamera, kafunga sanduku, kaja kwangu.

Sasa hivi shemeji kanipigia. Nikajua anataka kuomba msamaha. Wapi! "Mwambie arudi hata kwa nusu saa, watu wanamuulizia."

Nimemfikishia dada ujumbe. Kajifuta macho kwa kiganja, kajitazama kwenye kioo cha simu, halafu kaniuliza taratibu:

"Wengi wako upande wa nani?"