Picha ya Jikoni kwa Lorna

Shosti uko wapi? Pokea simu basi!

Tumefukuzwa ofisi ya ustawi wa jamii. Wote tisa wa kikundi chetu cha kutetea maskini, na mabango yetu. Tulimsindikiza Lorna, yule mjane wa ghorofa ya nne aliyekatiwa msaada, tukaapa hatutoki mpaka arudishiwe.

Nikampigia meza meneja wao, Kerrigan. "Unamnyima mjane chakula, huna haya?" Anacheka! Nakuambia ANACHEKA.

Akatoa karatasi yenye picha. "Mjane gani? Huyu si mume wake?"

Ile picha ya mkutano wetu jikoni kwa Lorna! Wendell kavaa ndala, anakoroga supu. Wendell, jirani tu, alikuja kuzibua sinki akabaki kula!

Na chini yake maneno niliyoyaweka mimi kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni: "Lorna na mumewe wametukaribisha." Niliona inapendeza zaidi, ionekane familia. Kerrigan akayasoma taratibu, ukumbi mzima unasikia. "Ukiwa na mwanamume ndani, msaada huu hupati. Ushahidi mmetuletea wenyewe. Asanteni sana."

Nimemtukana mpaka walinzi wakaja. Mshenzi mkubwa yule.

Lakini Lorna hata hakumwangalia Kerrigan. Alinitazama mimi. "Umenipiga picha nyumbani kwangu, ukanipa na mume. Uliniuliza lini?"

Uliniuliza lini, shosti.

Kapanda basi peke yake. Mimi bado niko nje kwenye theluji na bango nililoliandika kwa mkono wangu: WASIKILIZENI MASKINI.