Kilicho Chini ya Migomba Yetu

Jumatatu, tarehe 5, mwezi wa nane
Nimefua nepi za mutoto wangu Neema, nimetwanga sombe, majani ya muhogo. Moto umezimika mara mbili. Kuni mbichi. Mama amelalamika, mimi nimepuliza tena.

Meri, ofisi ya muji, imeandika mufanyakazi mupya. Mwanamuke. Kazi yake njo kuchora muji muzima ndani ya mashini: kila nyumba, kila njia, kila kisima. Amezaliwa Kibombo, amesoma Kisangani. Papa Shabani, jirani wetu, muzee wa reli, amecheka. Anasema yeye anajua Kindu na miguu, na miguu yake haiombi umeme.

Lakini wanasema baada ya karte, ile ramani, tutapata mufereji wa maji ya mvua. Mvua iliyopita, erozio, lile shimo linalokula mutaa wetu, ilibeba jikoni ya Papa Shabani. Kutoka shimo mpaka kitanda cha mutoto wangu ni hatua kumi na tisa. Nazihesabu kila siku. Baba Neema iko Kalima anachimba madini, hazioni. Naogopa.

Jumanne, tarehe 6
Amekuja, yule wa meri. Madame Clarisse. Mudogo wa mwili, kofia ya majani. Nilifikiri atakuwa na majivuno. Hapana. Amesalimia mama na mikono miwili.

Anasimama kila kona na tablete, anangoja, anaweka nukta. Akarusha ndege ndogo ya kupiga picha. Watoto wote wakaikimbilia. Papa Shabani pia, eti anachunga kuku wake.

Kila nyumba anauliza maswali yaleyale. Watu wangapi. Maji munachota wapi. La mwisho: "Kuna kitu chini ya udongo hapa, mama?" Mama akajibu mbio: "Hakuna kitu." Kwa Papa Shabani, hakuna kitu. Mutaa muzima, hakuna kitu. Ameandika.

Akanipa kamba ya kupimia niishike upande mumoja, nisome namba kwa sauti. Mimi niliyeishia darasa la sita. Sikukosea hata moja. Nimefurahi kama mujinga.

Ijumaa, tarehe 9
Karte iko kwa ukuta wa shefu wa mutaa, imechorwa juu ya picha za ile ndege ndogo. Nimetambua nyumba yetu sababu ya bashi ya buluu, lile turubai juu ya paa. Kitu kizuri sana. Sikujua sisi ni wengi hivi.

Mustari mwekundu njo mufereji. Unapita nyuma ya jikoni yetu, katikati ya migomba. Wataanza kuchimba Jumatano. Nikakimbia kumuambia mama, Neema mugongoni. Nilifikiri atapiga vigelegele. Ameketi chini. Hajala kitu.

Migomba ile. Toka utoto wangu mama hali ndizi zake. Zikiiva anagawia wapita njia. Nilifikiri hazipendi tu.

Jumapili, tarehe 11
Tulikuwa tunachambua muchele uliotoka Tunda. Mama akasema bila kunitazama: "Baba yako iko pale."

Maisha yangu yote waliniambia amezikwa ngambo ya muto.

Nilikuwa na miezi minane. Vita. Baba alikufa na homa, dawa hakuna, njia ya makaburi imefungwa. Wakati ule watu walifukia mali yao: chumvi, kinga ya magurudumu mawili, mashini ya kushona. Watu wa bunduki walijua. Wakiona udongo mupya, wanachimba. Walipita nyumba kwa nyumba na swali moja: kuna kitu chini? Na sisi wote wa Kindu tulijifunza jibu moja. Mama na Papa Shabani walimufukia baba, wakapanda migomba juu yake asubuhi ile ile, wasimufukue.

Sasa swali limerudi, limevaa kofia ya majani, na jibu limetoka lenyewe.

Nimemukasirikia mama. Kisha nikaona aibu. Alikuwa mudogo kuliko mimi.

Jumatatu, tarehe 12
Nikisema, labda mufereji utaachwa, na mvua iko karibu. Nikinyamaza, Jumatano jembe litamupata baba. Mama anataka ninyamaze. Anasema mwenye kupumua kwanza, anamutazama Neema. Nimelia. Kisha nimevaa kikwembe cha kutokea, nimekwenda meri.

Madame Clarisse alitoka mwenyewe. Nilieleza vibaya, maneno yaligongana. Hakuandika. Alifunika tablete. Nikafikiri amekasirika.

"Niliuliza kama wale wa bunduki," akasema. "Kesho nitauliza kama mutoto wa nyumbani."

Jumanne, tarehe 13
Amekuja bila kofia, bila mashini. Ameketi kwa mukeka, amebeba Neema. Amemuambia mama habari ya mujomba wake, anayelala katika shamba la mihogo kule Kibombo, toka vita ile ile. Njo akauliza: "Mama, hapa kwenu analala nani?"

Mama akamutajia. Majina yote matatu. La tatu sikuwahi kulisikia.

Papa Shabani alikuwa mulangoni. Hakufanya muzaha. "Kwangu wako wawili," akasema.

Mpaka jioni, nyumba sita zimetaja watu wao. Hata kwa shefu wa mutaa. Tulikuwa tunafagia juu ya watu wetu na kusema hakuna kitu.

Jumatano, tarehe 14
Hawakuchimba. Madame amewaomba wangoje. Watu wa mutaa wa chini, ambako maji yanamwagikia, wamekuja kutugombeza. Mwanamuke mumoja ameniambia nimewauza watoto wao kwa ajili ya mufu. Leo lile shimo nimeliona karibu zaidi. Kama Neema ataanguka mule, itakuwa kosa la mudomo wangu.

Alhamisi, tarehe 15
Papa Shabani amemupeleka madame nyuma ya majani marefu. Zamani watu wa reli walijenga mufereji wa mawe pale. Umejaa udongo, hakuna aliyeukumbuka. Ndege haikuuona. Miguu yake iliujua. Muzee alitangulia, madame alifuata na tablete, kila hatua nukta. Alikuwa anamuita "muzee, mwalimu wangu", na muzee akanyoosha mugongo kama kijana.

Mustari mupya unafuata mawe yale. Migomba imebaki. Jikoni yetu, ambayo iko juu ya mawe, njo inavunjwa. Ivunjwe. Tutapikia nje.

Nampenda huyu mwanamuke. Ana masomo mengi, na alikubali kurudi kuuliza tena.

Jumamosi, tarehe 24
Wanachimba toka juzi. Napika nje, moshi unanifuata. Neema ameanza kusimama, anashika ndoo, anaanguka, anacheka.

Madame ametuletea karte kwa karatasi. Ziko nukta ndogo za kijani, kila moja na jina. Ameniuliza kama nitamusaidia Alunguli, ngambo ya muto. Kule watakuwa wamejibu vilevile, hakuna kitu. Nimekubali. Nitakwenda na Neema mugongoni.

Mama hajui kusoma. Baada ya chakula ameomba nimuonyeshe nyumba yetu. Nimeshika kidole chake, nimekiweka kwenye bashi ya buluu.

"Na yeye?"

Nimekisogeza kidogo tu.

Hakukiondoa mpaka chai ikapoa.