Shingo ya Buster Keaton

Machimboni, Geita
3 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila jino moja la mbele limebaki huku chini, na simu yangu imepondwa kwa nyundo. Ndiyo maana nakuandikia. Barua anakuletea George, dereva wa basi. Miguu inaendeleaje? Vitumbua vinatoka?

Usishtuke kwa hilo jino, kosa ni lako. Nilisema mbele ya watu kwamba John Wayne, yule kauboi wa sinema, alipozaliwa aliitwa Marion, kama ulivyonifundisha. Yuko jamaa wa duara la jirani, shimo la dhahabu linalopakana na letu, Onesmo Mihayo, Msukuma wa Kishapu, ambaye ukimgusa John Wayne umemgusa babake. Akasema, "Marion si jina la dada yangu?" Nikamwambia basi akamuulize dada yake kofia iko wapi. Ngumi ikatua. Nami nikampasua nyusi kwa sufuria ya Ritha, mama lishe wetu, maharage yakiwa ndani.

Hapa kila mchana tunashindana kwa Ritha: atakayeleta habari ya steringi wa sinema za zamani ambayo wenzake hawaijui, anakula bure. Onesmo anajua nyingi, babake alikuwa na banda la video. Nipe nzito ya kumnyamazisha.

Mwanao,
Abdulshakur


Shinyanga Mjini
11 Juni 2024

Mwanangu Shakuru,

Marahaba. Miguu inauma, mdomo mzima, alhamdulillahi.

Marion ni kweli tupu, lakini sikukufundisha ung'oke jino kwa ajili yake. Miaka kumi na moja nilikaa dirisha la tiketi pale sinema, na hakuna steringi hata mmoja aliyeniletea sukari. Wale walikuwa kazini, mwanangu. Enzi za picha zisizo na rangi damu yao ilikuwa rojo ya chokoleti. Ngumi zilipita hewani, mlio ukatiwa baadaye. Nyie wajinga mnatoa damu yenyewe!

Haya, chukua hii. Buster Keaton, yule asiyecheka, alikuwa juu ya treni akining'inia kwenye bomba la tangi la maji. Maji yakamshukia kwa kishindo, shingo ikapiga reli, ikavunjika. Akainuka akakimbia, kamera inazunguka. Mwambie huyo Msukuma: mwanaume ndiye huyo.

Kula ushibe.

Shangazi yako,
Mwanaidi


Machimboni, Geita
2 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumai u mzima. Nimekula bure siku tatu! Sasa kambi nzima inaniita Kitoni.

Juzi duara letu lilitobokea kwenye la kina Onesmo, chini kabisa. Likishatoboka, hakuna wa kusema mwamba ni wa nani. Anayebaki amesimama ndiye mwenye mawe. Tulipigana kwa magoti kwa sababu dari ni fupi. Mwenzetu Edson amepoteza jicho. Mmoja wao alikanyagwa mpaka akatapika damu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomkanyaga, sikufichi. Mkono wangu ulikuwa unapiga tu.

Nikasikia mpini wa sululu nyuma ya shingo. Ulilia ka! Nikaanguka kifudifudi, taa ikazimika. Wakasema Kitoni amekwisha. Shangazi, nikakumbuka barua yako. Nikainuka. Nikapanda kamba mwenyewe hadi juu, watu wakashangilia kama wako sinema. Mwenye mpini alikuwa Onesmo, naye alipiga makofi.

Shingo haigeuki vizuri na vidole vya kushoto vina ganzi, ila viroba vya mawe nabeba, karasha ya kuyasaga haisubiri mtu. Kitoni alibeba zaidi.

Mwanao,
Shakuru


Shinyanga
5 Julai 2024

Shakuru,

Salamu nitakupa ukipona. George nimemwambia barua hii akukabidhi mkononi, asimpe mtu.

Usibebe kitu. Lala chali, usigeuze kichwa, wakufunge kwenye ubao wakupeleke hospitali ukapigwe picha ya mifupa. Leo hii!

Nilikukatia hadithi ili ushinde. Keaton aliteseka na kichwa, na miaka mingi ikapita bila yeye kujua, mpaka daktari akauona ufa kwenye picha. Ilikuwa bahati tu, mwanangu. Si uanaume. Mimi ndiye niliyekudanganya kwa kunyamaza, na tangu jana sijatia chakula mdomoni.

Nakuja Jumatatu, kwa miguu hii hii.

Shangazi yako


Geita, wodini
7 Julai 2024

Mama Mwanaidi,

Shikamoo mayu. Anayeandika ni Onesmo Mihayo. Shakuru yu hai. Mikono yake haifanyi kazi, yeye anasema nami naandika.

Anasema: Shangazi, nimekula bure kwa mwisho ule wa Kitoni pia.

Ni kweli. Barua yako aliisoma kwa sauti pale kwa Ritha, aishindanishe. Watu wakacheka. Mimi niliacha chakula. Nilimfuata karashani nimvue kiroba, akadhani nataka vita, akanirukia kwa kichwa. Hakuinuka. Tulimbeba juu ya mlango wa jiko la Ritha. Daktari ametuonyesha picha, ufa unauona hata mtu asiyesoma.

Anasema: usilie, na mwambie George asante.

Anasema: Onesmo nimemsamehe, ilikuwa vita ya duara, usimpeleke polisi.

Mayu, mstari huo wa juu sikuambiwa. Nimeuandika mwenyewe wakati amefumba macho. Nimeuangalia sana, nimeona haya, lakini sikuufuta, ili ujue mtu anayekuandikia ni wa namna gani. Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Halafu nikapiga makofi.

Alichosema hasa ni kwamba niandike jina langu lote, la baba na la kijiji, usije ukakosea ukifika kituo cha polisi.

Utanikuta hapa Jumatatu, ndimi ninayemlisha.

Onesmo Mihayo Sostenes,
wa Mhunze, Kishapu