Maneno Chini ya Picha

Mama yangu,

Shikamoo. Goti je, bado linakugombeza ukipanda kwenda sokoni? Na kaka ameshakuwekea lile bati, au bado ni kesho, kesho? Mimi huku Lubumbashi mwili mzima. Roho ndiyo haijatulia, na sina wa kumwambia ila wewe.

Katika darasa langu la Kiingereza nina mwanafunzi wa miaka tisa, Kapinga. Kila mgodi wa jirani ulipolipua miamba saa sita mchana, alilia hadi kamasi. Sikumuuliza sababu. Kwenye buletini yake, ndivyo waitavyo huku ripoti ya mwanafunzi, niliandika kwa madaha: "Too sensitive. Needs to grow a thicker skin." Kiingereza kina hila hiyo, mama: unamsimanga mtoto na bado unaonekana msomi. Kwa Kiswahili nisingethubutu kuandika kwamba ni mwepesi mno wa kuumia, aote ngozi ngumu.

Mama yake, muuza unga wa mtaa wa Ruashi, alikuja na karatasi ile, Kapinga yuko pembeni. "Madame, unisomeye. Miye Kingereza siyue."

Nikaona haya, nikadanganya. "Inasema mutoto wenu iko na roho muzuri sana." Alinishika mikono yote miwili, akacheka kwa furaha.

Wiki jana mama huyo aliugua homa, nikaenda kumwona. Buletini imebandikwa ukutani, chini ya picha ya mwanamume.

"Ni baba yake Kapinga," akasema. "Udongo ya shimo ilimufunika, saa sita ya muchana. Kila asubuyi namusomeaka ile maneno yako, asikie mutoto wake anasifiwa." Akamsomea mbele yangu, "roho muzuri sana", kidole juu ya "too sensitive". Nilikosa pa kuweka uso.

Kapinga alinisindikiza hadi njiani. "Madame, musimwambie mama," akaninong'oneza. "Miye nilisoma ile siku." Bila shaka alisoma. Kiingereza nilimfundisha mimi.

Tangu buletini ile halii tena. Mlipuko ukilia, anakaza taya na kuendelea kuandika. Walimu wenzangu wananipongeza. Ninayeshtuka sasa ni mimi. Masikio yangu yanasubiri kilio chake, na hakiji. Naogopa, mama.

Nilipokuwa mdogo nikilia kwa radi, hukunipa jina lolote. Uliniziba masikio kwa viganja vyako vinavyonuka dagaa. Jana mgodi ulipolipua, nami nilimziba Kapinga masikio. Alisimama wima mpaka nikaondoa mikono. "Asante, Madame," akasema, "lakini nilishazoea."

Nisalimie kaka, shangazi mshona nguo, na bibi mzaa baba. Mimi niombee dua moja tu: Kapinga alie.

Binti yako,
Zuhura