Kaka Yako na Saa ya Uwanja

Shamba la Sletvold,
Hovland Creek,
Dakota Kaskazini.
24 Februari 2008

Mpendwa shemeji Orrin,

Nakusalimu kwa mapenzi, wewe na Marlys, nikiwa hapa jikoni na soksi mbili mbili miguuni. Hamjambo huko Kodiak? Goti la Marlys linaendeleaje tangu lile anguko la kwenye barafu? Mwambie asijifanye msichana, apande ngazi polepole. Sisi hatujambo. Theluji imefika kwenye dirisha la ghala, lakini nyumba ina joto na pampu ya kisima haijaganda hata siku moja mwaka huu.

Yule ng'ombe mwenye doa jeupe amezaa pacha, na wote wawili wananyonya vizuri. Kanisani tumepata mpiga kinanda mpya. Anapiga haraka kana kwamba ameacha chungu jikoni, na sisi wanakwaya tunamkimbiza kwa nyuma.

Sasa shemeji, nataka tuzungumze. Ile Jumapili ulipopiga simu, ukamfokea kaka yako kwamba ametuuza kwa watu wa Minnesota, halafu ukakata, mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko na nilisikia kila neno. Sikulaumu sana, maana siku hiyo hata mimi nilikuwa sisemi naye. Lakini wewe ulisikia habari kwa binamu yako Duane, na Duane hakuwapo uwanjani. Mimi nilikuwapo. Kwa hiyo kaa chini usome.

Unajua mwenyewe hali ilivyokuwa. Miaka sita mfululizo wasichana wetu wa mpira wa kikapu, Korongo wa Ransom Falls, wamepigwa na Nungunungu wa Elmira Lake, wa ng'ambo kule Minnesota. Miaka sita lile birika la kahawa la chuma tunaloshindania kama kikombe linakaa kwenye kabati la vioo la Minnesota, na kila nikivuka daraja kwenda kununua vitambaa, yule mwanamke wa dukani ananiuliza, "Ardis, siku hizi kahawa mnachemshia nini?" Miaka sita, shemeji! Mwaka huu tulikuwa na Maren Haugland, yule binti wa jirani yetu aliyekuwa akirusha mpira kwenye kikapu cha ghalani kwetu tangu alipokuwa mdogo kuliko mpira wenyewe. Kila mtu alijua mwaka ni huu.

Ukumbi ulijaa Jumamosi ile mchana mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Nusu bluu yetu, nusu rangi ya chungwa ya Minnesota. Upande wao yuko yule Gunnar Tveit na ngoma yake, anatupigia kelele, "Korongo miguu mirefu, akili fupi!" Mimi nikamjibu, nisamehe kwa Mungu, kwamba hata mama yake alimzaa akiwa amefumba macho.

Robo ya mwisho ikaenda pointi kwa pointi. Wao sitini na mbili, sisi sitini na moja, na saa inaonyesha haijabaki hata sekunde nzima. Mpira wetu, unarushwa kutoka pembeni. Maren akaudaka, akageuka, akaudunda mara moja, akaurusha. Honi ikalia mpira ukiwa hewani. Ukaingia.

Shemeji, nilimkumbatia mwanamume nisiyemjua. Nilimbusu shavuni, na alikuwa na ndevu. Watu walimiminika uwanjani, wasichana wakalala chini wakilia kwa furaha. Ndipo honi ikalia tena, ndefu, haikatiki, mpaka ukumbi mzima ukanyamaza. Nikamwambia yule mwenye ndevu, "Ni mpumbavu gani huyo anayetuharibia?"

Kumbe ni mume wangu.

Nilimwona amesimama kwenye meza ya waamuzi, pale anapoendesha saa ya uwanja miaka thelathini na moja, mkono mmoja juu ya kitufe cha honi na mwingine anamwita mwamuzi mkuu, yule mama mrefu. Niliyosikia baadaye kwa waliokaa mezani ni haya. Alimwambia, "Mama, saa niliiwasha nikiwa nimechelewa. Alipodaka mpira kidole changu hakikubonyeza. Nimebonyeza wakati anaudunda." Yule mama akamuuliza, "Una hakika, mzee?" Akasema, "Ningefurahi kama nisingekuwa nayo."

Waamuzi walirudia picha za televisheni mara tatu, wakipima muda kwa saa ya mkononi. Kikapu kikafutwa. Tukafungwa kwa pointi moja, na Gunnar Tveit akapiga ngoma mpaka nikadhani itapasuka.

Tulipofika kwenye geti letu nikamwambia, "Ungenyamaza tu, Einar. Hakuna aliyeona." Akasema, "Mimi niliona," akashuka kufungua geti, na akakaa pale kwenye theluji muda mrefu kuliko geti linavyohitaji. Siku mbili nilimwekea chakula mezani bila kumtazama. Alikula, akaosha sahani yake mwenyewe.

Kesho yake baada ya mchezo ndipo ulipopiga wewe. Ulipokata simu alivaa koti akaenda kurekebisha uzio ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Jumatatu alikwenda kunywa kahawa kwa wenzake wa ghala la ngano. Duane akamwuliza mbele ya watu, "Einar, saa ngapi sasa? Au nipige simu Minnesota?" Wote wakacheka. Einar naye alicheka, lakini hakumaliza kikombe. Na siku hiyo hiyo mtu alitundika saa ya ukutani, ya rangi ya chungwa, kwenye sanduku letu la barua. Hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka, shemeji. Kumkasirikia mume wangu ni haki yangu. Wao nani aliwapa?

Nikamwuliza jioni, "Kwa nini kidole kilichelewa? Miaka yote hakijachelewa." Akaniwekea mkono wake wa kulia mezani, kama mtoto anayeonyesha kidonda. Kidole gumba kilikuwa kimevimba kwenye kiungo, hakikunjiki. Tangu mavuno, anasema. Asubuhi anakiloweka kwenye maji ya moto kabla sijaamka. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja na sikujua. Alijua kwamba akisema ukweli juu ya saa, itambidi aseme na ukweli juu ya kidole, na kazi itakwisha. Hata hivyo alisema.

Nilikiosha kile kidole na kukifunga kitambaa cha joto, na nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Wewe ulimbusu mtu mwenye ndevu, tuko sawa." Sikujua kwamba aliniona!

Jumatano mchana likaingia gari la namba za Minnesota. Nani anashuka? Gunnar Tveit, na kofia yake ya chungwa na furushi la mikate ya viazi ya mke wake. Akasimama mlangoni akasema, "Nimekuja kumwona mtu mkweli wa Dakota. Nimesikia yuko mmoja tu, nikasema niwahi kabla hajahama."

Nikamwambia, "Mikate ipite. Kofia iache garini, ng'ombe wangu watakataa kutoa maziwa."

Alikaa saa tatu. Alikula sahani mbili za nyama na viazi nilivyooka, akatutania kila tonge. Halafu akaweka uma chini, akamtazama kaka yako, akasema, "Lakini Einar, kama ingekuwa kwetu, na mimi ndiye nimeshika kile kitufe... Sijui. Kweli kabisa, sijui." Nikamwongezea chakula. Usimwambie mtu.

Aliyekuwa akimtia hofu Einar ni Maren. Alikuja Ijumaa baada ya mazoezi, nywele bado zina maji, akakataa kukaa. Akasema, "Babu Einar, niliudunda ule mpira."

Einar akasema, "Nilikuona, mwanangu."

"Ikibaki chini ya sekunde, mtu hana nafasi ya kudunda mpira. Nilijua muda umekwisha mpira ukiwa bado mkononi mwangu. Nikaurusha hivyo hivyo, nikashangilia hivyo hivyo." Akaanza kulia. "Nimekuchukia siku nne kwa sababu umesema. Halafu nikaona nachukia kwamba sikusema mimi."

Kaka yako hakuwahi kujua la kufanya na mtu anayelia. Alimpa mkate wa viazi wa Minnesota. Maren akaula wote, akapangusa pua kwa mkono wa sweta, akauliza kama anaweza kwenda kuwaona ndama pacha. Walikwenda wote wawili, na kupitia dirisha niliwasikia wakicheka.

Daktari amesema ni baridi yabisi, na dawa inasaidia. Anaweza kushika usukani na uma, ila si kitufe cha saa. Ameshaandika barua ya kuacha kazi. Kiti chake amepewa binti mmoja mwalimu wa hesabu, na Einar amemfundisha wiki mbili bila kulalamika hata kidogo.

Jana ulikuwa mchezo wa mwisho wa nyumbani. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane tulikaa pamoja kwenye viti vya watazamaji, mstari wa tisa. Robo ya kwanza alikaa mikono juu ya magoti kama yuko kanisani, maana watu wa mezani hawaruhusiwi kushangilia, naye ameyazoea hayo miaka thelathini na moja. Robo ya pili nikaona mguu unatikisika. Robo ya tatu msichana wa upande mwingine akamvuta Maren jezi wazi wazi, na filimbi haikulia. Kaka yako akasimama, mzima mzima, akapiga ukelele, "Mama mwamuzi! Miwani umeiacha kwa nani?"

Mstari mzima uligeuka. Duane alikuwa viti viwili mbele yetu, akacheka mpaka kofia ikaanguka, kisha akasogea akaja kukaa karibu naye, akamgawia bisi zake. Tulishinda kwa pointi kumi na nane. Leo kaka yako hana sauti, na mchungaji alidhani ana mafua.

Kwa hiyo shemeji, sisi tuko salama na tuna furaha. Kimebaki kitu kimoja. Kila Jumapili baada ya kanisa, ndugu yako anakaa kwenye kile kiti cha karibu na simu na kushika orodha ya mbegu za masika. Leo niliona ameishika juu chini.

Wasalimie Marlys, Torvald na mkewe, na yule mjukuu mwenye mashavu. Shangazi Inga anawasalimu kutoka nyumba ya wazee, na Maren amesema nisimsahau. Mungu awalinde kwenye barafu na baharini, awape kuni kavu na usingizi mzuri.

Piga simu Jumapili ijayo. Mambo ya saa usiyataje. Muulize kidole kinaendeleaje.

Akupendaye, na kukukasirikia kidogo tu,
shemeji yako,
Ardis