Upara wa Nyuma ya Jikoni

Mtaa wa Panda, Alhamisi

Miaka mitatu! Miaka mitatu sijamsalimia jirani yangu Mama Beya, na leo nimejua kosa lilikuwa la udongo.

Jioni binti yangu Nadine, anayesoma jiografia, alituonyesha kwenye simu picha ya jangwa la Namibia. Majani kila mahali, na katikati yake viduara vitupu, vingi mpaka macho yanachoka. "Wataalamu bado wanabishana," alisema. "Wengine wanasema ni mchwa wanakula mizizi. Wengine wanasema majani yenyewe yananyang'anyana maji."

Mume wangu, aliyechimba kwenye mgodi wa Kakanda hadi mgongo ukamshinda, hakungoja amalize. "Kule sijue. Huku kwetu, fasi majani inakatala kuota, chini kuko mukuba. Kila muchimbaji anajua ile."

Niliganda na sufuria mkononi. Mukuba, yaani shaba! Nyuma ya jikoni udongo una upara, na mihogo yangu inakauka pale tangu tuhamie. Nimefunga, nimekesha, nimemwaga mafuta ya maombi, kwa sababu ng'ambo ya ukuta anakaa Mama Beya, niliyemshuku uchawi. Na huyu bwana alijua wakati wote?

"Weye haukuniulizaka," akasema. "Uliuliza pasta."

Nikaenda kwa Mama Beya, nikamwambia yote. Hakukasirika. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Upara ule ule, umepita chini ya ukuta mpaka kwake. Na pale ukutani, chupa tatu za mafuta ya maombi, midomo yote imeelekezwa kwangu.